Mpelelezi Mcheshi na Neno "Lakini": Runinga ya Nyumba Moja Kiserian

Kiserian ni mji wa njiapanda. Barabara ya Magadi huuingia ikitoka Nairobi kupitia Ongata Rongai, ikaupasua katikati, kisha ikapanda kuelekea Kona Baridi kabla ya kuteremkia Bonde la Ufa. Njia nyingine hukunja kwenda Ngong, na nyingine huambaa mbugani hadi Isinya. Kwa sababu hiyo wakaaji wake ni mchanganyiko. Mmaasai aliyeleta mbuzi mnadani, Mkikuyu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mkamba fundi, Mkisii muuza ndizi na Mluo mpangaji anayefanya kazi Nairobi na kurudi usiku kwa matatu ya nambari 126, wote hao hununua nyanya kwa muuzaji mmoja, na kila mmoja hutaja bei ile ile kwa Kiswahili chenye alama ya kwao.

Katika nyumba moja ya mawe, nyuma ya safu ya maduka ya mji huo, aliishi mzee aliyeendesha matatu kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya macho yake kumlazimu kuacha. Binti yake wa mwisho alisomea shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili jijini Nairobi, akawa anarudi nyumbani kila mwisho wa juma. Baina yao palikuwa na ugomvi mdogo usiokwisha. Mzee hakukosa kutazama *Inspekta Mwala* katika runinga ya Citizen. Binti naye hakuelewa ni vipi mtu aliyesimamishwa na askari wa barabarani karibu kila siku ya maisha yake ya kazi angeweza kukaa kitako na kumcheka askari kwa furaha kiasi kile.

Swali la binti huyo si dogo, na uhakiki wa Kiswahili haujalishughulikia inavyostahili. Riwaya ya upelelezi imepata wasomaji wake vyuoni. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar anatajwa katika kila historia ya nathari ya Kiswahili, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* iliyochapishwa mwaka 1960 hadi *Kosa la Bwana Msa* ya mwaka 1984. Faraji Katalambulla na *Simu ya Kifo* ya mwaka 1965 hawakusahauliwa, wala Ben Mtobwa na mhusika wake Joram Kiango. Lakini mpelelezi aliyeingia katika nyumba nyingi zaidi kuliko hao wote, yule wa runinga, amebaki nje ya mlango wa idara. Huitwa ramsa, na akishaitwa hivyo huonekana hana haja ya kuelezwa zaidi.

Asili ya mpelelezi huyu inajulikana. Sauti ya Kenya, shirika lililobeba jina hilo tangu mwaka 1964 hadi lilipogeuzwa kuwa KBC mwaka 1989, lililea vichekesho vya Kiswahili vilivyotungwa na kuigizwa na watu wasiokuwa na mafunzo makubwa ya jukwaa, ila wenye masikio makali. Humo wakakua *Vitimbi* na *Vioja Mahakamani*. Katika *Vioja Mahakamani* jukwaa lote ni chumba cha mahakama: hakimu mezani, kiongozi wa mashtaka, karani, askari, na mshtakiwa kizimbani ambaye kosa lake mara nyingi ni dogo na maelezo yake ni makubwa. Davis Mwabili, aliyejulikana kwa jina la Mwala, alipata umaarufu katika mahakama hiyo ya mchezo kabla ya kupewa tamthilia yake mwenyewe katika Citizen, ambayo ilidumu kwa zaidi ya muongo mmoja. Kwa hiyo Inspekta Mwala ni mtoto wa mahakama ya kuchekesha aliyetumwa mtaani kuwatafuta wale ambao zamani waliletwa kizimbani wakiwa wamekwisha kukamatwa.

Ukoo huo unaeleza jambo ambalo binti alilitazama kwa muda mrefu bila kuliona. Alikuwa amelelewa na riwaya, akayapima maigizo kwa kipimo cha riwaya. Katika hadithi za Bwana Msa, msomaji huongozwa na siri. Bwana Msa na kiko chake, akifuatana na Najum, amechukua mengi kutoka kwa Sherlock Holmes wa Conan Doyle, na mvuto wake mkubwa ni ule wa akili inayounganisha vitu ambavyo wengine wameviona bila kuvielewa. Taharuki ndiyo roho ya utanzu huo. Binti alipoketi mbele ya runinga ya baba yake hakuiona taharuki hiyo. Kesi zilikuwa za mtaani tu: ulaghai, wizi mdogo, ugomvi wa wapenzi na wa majirani. Mhalifu alijulikana mapema, mara nyingine kabla hata ya afisa kuvaa kofia yake. Akahitimisha kwamba huo ulikuwa upelelezi usio na upelelezi ndani yake.

Hitimisho hilo lilikuwa la haraka, na mfano wa mbali unatosha kulitilia shaka. Mfululizo wa Kimarekani *Columbo*, uliotangazwa kati ya mwaka 1971 na 1978, kisha ukafufuliwa mwaka 1989 na kuendelea hadi 2003, humwonyesha mtazamaji muuaji tangu mwanzo. Peter Falk akiwa ndani ya koti lake lililokunjamana hamsaidii mtazamaji kujua nani ametenda. Humwonyesha jinsi tajiri mwenye kiburi anavyoulizwa maswali mpaka kiburi chenyewe kinamfunga. Watu walimtazama kwa miongo kadhaa wakijua jibu, kwa sababu kilichowavuta kilikuwa mahojiano. Hata hivyo Columbo na Mwala hawafanani kwa yote. Upumbavu wa Columbo ni mtego, na chini yake pamelala akili isiyokosea. Mcheshi wa Nairobi hana hakika hiyo. Yeye na washukiwa wake hula katika vibanda vilevile, huogopa wakubwa walewale, na huhangaika na lugha ileile ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeizaliwa. Columbo hupanda kwenda kwenye jumba la tajiri. Mwala hubaki mtaani, na ukubwa wake wote uko katika cheo na maneno.

Maneno hayo ndiyo yaliyomkera binti zaidi. Vichekesho vya runinga ya Kenya vimejengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya lafudhi. Mhusika hujulikana kabila lake kabla ya kujulikana jina lake, kwa namna anavyotamka *r* na *l*, au anavyoongeza na kupunguza irabu. Mhakiki yeyote aliyefunzwa atawaita wahusika wa aina hii bapa, naye hatakuwa amekosea. Zaidi ya hayo, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, hakuna Mkenya mwenye fikra aliyeweza kusikia kicheko juu ya matamshi ya jirani bila kujiuliza kicheko hicho kinalala wapi usiku. Binti aliwahi kumwambia baba yake hivyo. Mzee akamjibu kwa mfano wa Mzee Ojwang' wa *Vitimbi*. Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang' na aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, na Wakenya wengi walimwamini kuwa Mluo kwa miaka mingi. "Kama lafudhi ni ya kabila," mzee alisema, "yeye aliipata wapi?"

Jibu hilo halimalizi mjadala, lakini linauhamisha. Lafudhi katika michezo hii ni vazi ambalo fundi anaweza kulivaa na kulivua. Dhihaka imo, na haifai kukanushwa. Pamoja na dhihaka hiyo umo pia ukweli mwingine: kwamba katika mchezo kila lafudhi inaruhusiwa kufika mbele ya sheria na kusema mpaka mwisho. Hakimu wa mchezo hukasirika, hupiga meza, hutishia, lakini husikiliza. Hamrudishi mtu nyuma kwa sababu Kiswahili chake kimepinda. Hapa ndipo fani inapogusana na maudhui, na hapa ndipo ilipo sababu ambayo mzee wa Kiserian hakuwa amemwambia mtu.

Aliisema jioni moja, bila kuulizwa kwa namna ya pekee. Binti alikuwa amerudia malalamiko yake ya kawaida kwamba afisa katika mchezo anapoteza muda kwa maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Mzee hakuyaondoa macho kwenye runinga.

"Mama," akamwambia, kwa kuwa binti alibeba jina la nyanya yake mzaa baba na baba alimwita hivyo tangu utotoni, "huyu anauliza. Mimi hawakuniuliza."

Kisa chenyewe kilikuwa cha miaka ya 1990. Alfajiri moja yenye ukungu alimkuta mwendesha baiskeli ameanguka kando ya barabara, ameumia mguu, na gari lililomgonga limekwisha kwenda. Akasimamisha matatu, akawaomba abiria wavumilie, akamwinua mtu yule. Askari walipofika wakakuta baiskeli iliyopondeka, majeruhi, matatu na dereva mwenye damu mikononi. Majeruhi akapelekwa hospitalini, dereva akapelekwa seli. Usiku ule hakulala. Aliipanga hadithi yake tangu mwanzo: saa aliyoondoka Kiserian, abiria aliyekaa mbele, mahali ukungu ulipoanza, alichokiona kwanza, alichokishika kwanza. Aliipanga kwa Kiswahili, akitafuta maneno ambayo mkubwa angeyaheshimu. Asubuhi akasimamishwa kizimbani. Shtaka likasomwa kwa Kiingereza, karani akalitafsiri kwa sentensi moja na nusu, kisha likaja swali ambalo Wakenya wengi waliowahi kufika mahakamani wanalifahamu: ni kweli au si kweli? Akajibu, "Si kweli, lakini..."

Ikaandikwa kwamba amekana. Akatajiwa tarehe nyingine. Kesi ilitajwa mara kadhaa kwa miezi mingi, mashahidi hawakufika, mwishowe ikaondolewa. Kwa kipimo cha sheria mzee alishinda. Ila ile hadithi aliyoipanga usiku kucha hakuna aliyetaka kuisikia, si askari, si hakimu, na baada ya muda hata nyumbani hakuna aliyeiulizia. Binti alikuwa bado hajaanza shule wakati huo. Alijua tu kwamba baba aliwahi kulala seli, na kwamba halikuwa jambo la kuzungumzwa.

Ukiisikia habari hiyo, mchezo wa runinga unabadilika sura. *Vioja Mahakamani* haungekuwapo kama mshtakiwa angekatizwa kwenye "lakini". Kichekesho chake chote huanzia pale. Mshtakiwa huulizwa swali fupi la ndiyo au la, naye akajibu kwa safari ndefu yenye shangazi, mbuzi, deni la zamani na ndoto ya juzi, na mahakama nzima ikalazimika kusafiri naye. *Inspekta Mwala* aliichukua desturi hiyo akaitoa nje ya mahakama, akaipeleka mlangoni kwa mtu. Mshukiwa hudanganya, hujichanganya, hujikana, na hatimaye ukweli humtoka kwa sababu ameachiwa aseme mno. Mhakiki aliyezoea riwaya huona hapo udhaifu wa msuko. Mzee wa Kiserian aliona ukarimu. Hakuwa akicheka kwa kuwa askari ni mjinga. Alicheka kwa utulivu wa mtu anayeona mlango uliofungwa mbele yake ukifunguliwa kwa wengine, hata kama ni wa mbao za studio.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeliandika jambo hili kwa lugha yake. Kifungu cha 49 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa msaada wa mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha ya mahakama. Kifungu cha 7 kimekiinua Kiswahili, lugha ya taifa, kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vichekesho vya Kiswahili vilikuwa vimeigiza nchi ya namna hiyo miaka mingi kabla ya kuandikwa kwake: nchi ambamo hakimu, askari na mwizi wa kuku wanaelewana kwa lugha moja bila karani kusimama katikati. Isisemwe kwamba vichekesho ndivyo vilivyoleta katiba. Inatosha kusema kwamba vilidumisha matarajio fulani katika nyumba ambazo hazikusoma rasimu yoyote.

Uzito wa matarajio hayo ulionekana katika Februari na Machi 2015, wakati wa kuhamia matangazo ya dijitali, ambapo vituo vya Citizen, NTV na KTN vilikaa kimya kwa takriban majuma matatu. Katika nyumba ile ya Kiserian runinga ilifunikwa kitambaa. Jioni, wazee wawili watatu wa majirani waliokuwa wakija kutazama waliendelea kuja, kwa mazoea tu na kwa chai. Katika jioni hizo mzee wa matatu alisimulia, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, kisa cha mwendesha baiskeli. Alikisimulia kwa mtindo wa runinga, akiigiza sauti ya askari, ya karani na ya hakimu, na majirani wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mahali pa "lakini" hakukatizwa. Binti alikuwapo. Aliwaona watu wakicheka jambo ambalo yeye lilimuumiza, na akaona kwamba baba yake ndiye aliyekuwa amefurahi kuliko wote.

Ingekuwa rahisi kuufunga mjadala hapo na kuusifu mchezo kama dawa. Upo upande mwingine, na haki inadai uelezwe. Katikati ya mwaka 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda aliyekuwa mwendesha bodaboda, na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa baada ya kutoka mahakamani, wakauawa. Mwenda alikuwa amelalamika dhidi ya afisa wa polisi aliyempiga risasi, yaani alikuwa ameendelea kusema baada ya "lakini" yake. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi pamoja na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao. Juma zilipopatikana maiti, runinga ya nyumba ile ilizimwa wakati wa mchezo. Mzee hakutoa maelezo. Alisema tu kwamba leo hana kicheko cha kumpa askari.

Binti aliiona hoja yake ya zamani ikirudi, safari hii ikiwa na nguvu zaidi. Je, askari mcheshi hamfichi askari mwingine? Raia aliyezoea kumwona afisa akibabaika na kusamehewa kila juma anaweza kukosa msamiati wa kumtaja afisa anayeua. Kicheko kinaweza kuwa namna ya kuzoea. Hata kitu kidogo, kikigeuzwa mzaha mara mia, huonekana kama hali ya hewa: jambo la kulalamikia, si la kubadilisha. Hatari hii ni ya kweli, na wapenzi wa utanzu huu hawana haki ya kuipuuza.

Na bado kule kuzima runinga kulikuwa na maana yake. Aliyekizima kicheko chake alijua tofauti ya askari wawili, na kipimo alichotumia alikipata, kwa sehemu, katika mchezo wenyewe. Kama mchezo ungemfundisha kwamba polisi wote ni vichekesho tu, angeendelea kutazama. Ulikuwa umemfundisha kwamba afisa ni mtu anayeuliza na kungoja jibu. Afisa asiyeuliza alimwona kama msaliti wa cheo kile, hakumwona kama afisa wa kawaida. Kejeli haiwezi kufanya kazi pasipo kipimo, na kipimo cha mzee kilikuwa hiki kimoja: je, mtu ameachwa aseme? Kipimo hicho hakitoshi kuleta haki. Pasipo nacho, hata hivyo, hata hasira haijui imwelekee nani.

Baada ya majuma machache mzee alirudi kwenye kiti chake, na binti akarudi kwenye tasnifu yake. Sura aliyokuwa ameikusudia kuonyesha jinsi tamthilia ya runinga ilivyouporomosha upelelezi wa Bwana Msa aliiacha. Mahali pake aliandika juu ya mahojiano: nani anauliza, kwa lugha gani, kwa muda gani, na nani anaamua kwamba jibu limekwisha. Msimamizi wake alimwuliza aliitoa wapi mada hiyo, kwa kuwa hakuiona katika vitabu alivyompa. Alijibu kwamba aliipata Kiserian.

Jioni ya mwisho kabla ya kuiwasilisha tasnifu aliketi tena kando ya baba yake. Mchezo ulikuwa umefika mahali mshukiwa anaanza kujieleza, na kila mtu chumbani alijua kwamba anadanganya. Binti akataka kusema neno. Mzee akainua mkono kumnyamazisha.

"Ngoja kwanza, mama," akasema. "Mwache amalize."